Punje za mchele kwenye mashimo 32 ya bao

Jumamosi iliyopita nilikuwa Magomeni, pale kijiweni ambapo wazee wanacheza bao kuanzia saa kumi jioni mpaka giza linaingia, mimi huwa napita kunywa kahawa na kashata na kuangalia, basi kuna mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu alikuwa amekaa anasubiri zamu yake, nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu akanishika mkono nisiondoke. "Wewe si ndo fundi wa kompyuta? Hebu niambie, hili bao lina mashimo mangapi?" Nikamwambia thelathini na mbili Babu, safu nne, kila safu manane. "Haya. Shimo la kwanza natia punje moja ya mchele. La pili natia mbili. La tatu nne, la nne nane, naenda hivyohivyo nazidisha mara mbili mpaka shimo la mwisho. Nitahitaji gunia ngapi?"

Kijiwe kizima kikaingilia. Mmoja akasema hata debe halijai, mwingine akasema gunia mbili, muuza kahawa akasema Fuso zima, wakamcheka. Mimi nikatoa simu nikapiga hesabu, ikaja 4,294,967,295, nikaiangalia nikanyamaza, maana ile namba naijua. Kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini, nyaya, Wi-Fi na vitu kama hivyo, na kwenye ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, zile za namba nne zenye nukta katikati, anwani ya juu kabisa ni 255.255.255.255, na ukiiandika kama namba moja nzima inakuwa ndo hiyohiyo, 4,294,967,295. Miaka yote hii naiona kwenye skrini naipita tu, leo nimeletewa na mzee wa Magomeni kwa mchele.

Sababu ya kufanana ni rahisi. Kompyuta nayo inahesabu kwa mashimo, kila shimo ama lina kitu ama ni tupu, la kwanza lina thamani ya 1, linalofuata 2, halafu 4, halafu 8, na mashimo 32 yote yakiwa na kitu jumla yake ndo mchele wa Babu. Ukihesabu na ile hali ya yote kuwa matupu unapata anwani 4,294,967,296, na sisi watu duniani tulishaipita idadi hiyo zamani, ndo maana mwezi wa pili 2011 mafungu ya mwisho ya anwani hizo yakagawiwa na ghala kuu likabaki tupu.

Sasa gunia. Nyumbani nilipima mchele kidogo kwenye mzani wa sonara jirani yetu nikahesabu punje moja moja, nikapata kama 50 kwa gramu. Ukigawanya, mchele wa bao zima unakuwa karibu tani 86, yaani gunia 859 za kilo mia. Muuza kahawa alikuwa karibu kuliko wote na bado alikuwa mbali, ni Fuso nane au tisa za tani kumi. Na shimo la 32 peke yake lina punje 2,147,483,648, linayazidi mashimo 31 yote yaliyotangulia kwa punje moja tu. Hiyo jumla ya mashimo 31, yaani 2,147,483,647, nayo ina historia yake, ni namba tasa, mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 kwa mkono, na kompyuta nyingi za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 zitafika hapo Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, zikishindwa kwenda mbele zaidi. Lakini nisipotee, leo naongelea ile ya 32.

Hadithi yenyewe ya punje ni ya kale, ni ya sataranji, ubao wenye vyumba 64, mwandishi Ibn Khallikan aliiandika karne ya 13, yule mtu aliyebuni mchezo anamwomba mfalme ngano kwa mtindo huo na mfalme anaona ameombwa kitu kidogo. Babu ameihamishia kwenye bao, na kwa kweli naona kwenye bao imekaa vizuri zaidi, nitaeleza kwa nini.

Jumapili nikakaa na daftari nikitaka kujua hii namba ina vigawo gani. Wote tulifundishwa shule ya msingi KDS na KKS, kigawe kidogo cha shirika, kigawo kikubwa cha shirika, tukakariri kwa ajili ya mtihani tukasahau. Mimi nilidhani itabidi nigawanye kwa 3, 5, 7, 11 mpaka nichoke. Kumbe kuna mlango. Chukua namba yoyote, izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa moja, jibu lako ni sawa na jirani yake wa kushoto mara jirani yake wa kulia. 10 mara 10 ni 100, toa moja 99, na 9 mara 11 ni 99. Jaribu na 4: 16 toa moja 15, na 3 mara 5 ni 15. Haikosei hata siku moja. Basi anza na hiyo 15 panda nayo. 15 mara 17 ni 255. 255 mara 257 ni 65,535. 65,535 mara 65,537 ni 4,294,967,295. Tumefika! Kwa hiyo mchele wa bao zima ni

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

na hizo tano zote ni tasa, hakuna hata moja inayovunjika tena. Nilivyoona hilo nikaweka kalamu chini, nikatoka uani nikasimama kidogo. Namba ya tarakimu kumi iliyotoka kwenye punje za mchele, ndani yake kuna watu watano tu, na kila mmoja ni mkubwa kwa moja kuliko 2, 4, 16, 256 na 65,536, yaani kila mmoja anakaa mlango wa pili na thamani ya shimo fulani la bao.

Na hao watano wana jina duniani. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa, mwaka 1640 aliandika kwenye barua zake kwamba anaamini ukiendelea na mtindo huu, yaani 2, 4, 16 na kuendelea, kila moja ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe kupata inayofuata, halafu kila moja unaiongeza 1, ukapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata, kila utakayopata itakuwa tasa. Mwenyewe alikiri uthibitisho kamili hana. Inayofuata baada ya 65,537 ni 4,294,967,297, angalieni vizuri, ni ya bao letu ukiongeza mbili. Karibu miaka mia hakuna aliyejua kama ni tasa au la. Mwezi wa kumi na mbili 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimuuliza Euler kwa barua, umeliona hili jambo la Fermat? Euler alikuwa kijana, na mwaka 1732 akiwa na miaka 25 kule St. Petersburg akajibu: si tasa, inagawanyika kwa 641.

Unaweza kudhani aligawanya kwa kila namba tasa mpaka akaipata. Kigawo kidogo cha namba hiyo kingeweza kuwa popote mpaka elfu 65 na ushee, ni kazi ya kuua mtu. Yeye aligundua njia ya kukata msitu: kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Hapo namba tasa za kujaribu zinakuwa 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Mimi hilo la 64 lilinigusa, maana bao la kiswahili lina kete 64, kila mchezaji 32.

Jumapili hiyohiyo jioni nikarudi Magomeni na daftari langu. Nikawaeleza wazee mpaka hapo, Babu akasema sawa, lakini huyo Euler mimi simjui, nitamwaminije? Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu hesabu, na jawabu lake ni kwamba huna haja ya kumwamini, tunafanya hapahapa.

Hesabu ya mabaki tunaijua wote kwa saa. Ukiambiwa sasa ni saa tisa, baada ya masaa manane itakuwa saa ngapi, hujibu saa kumi na saba, unasema saa tano, umetupa 12 ukachukua baki. Sasa badala ya 12 tutupe 641. Thamani ya shimo la 17 ni 65,536. Ndani yake 641 inaingia mara 102, hiyo ni 65,382, inabaki 154. Halafu 65,536 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 4,294,967,296, kwa hiyo badala ya kuhangaika na hilo dude tunazidisha mabaki tu, 154 mara 154, jibu 23,716. Namba ya Fermat ina moja zaidi, basi ongeza moja, 23,717. Hapo kuna mzee aliyewahi kuwa karani bandarini, hakutumia simu, aliangalia juu kidogo akasema, "Mia sita arobaini na moja mara thelathini na saba." Tukakokotoa kwenye karatasi, 641 mara 30 ni 19,230, mara 7 ni 4,487, jumla 23,717. Hakuna baki hata moja. Watu wa kijiwe walipiga kelele kama mtu kala nyumba ya mwenzake yenye kete kumi na tano.

Yaani fikiria, Fermat alikuwa kichwa kikubwa na hakuiona, na mistari mitatu ya hesabu ya darasa la saba inatosha kuonyesha kwamba alikosea. Kigawo kingine ni 6,700,417, nacho ni tasa, kwa hiyo 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417, imeisha hiyo.

Babu sasa akachangamka. "Na kete je? Nikiacha mashimo, nikazihesabu kete zenyewe, ya kwanza punje moja, ya pili mbili, mpaka ya sitini na nne?" Hii ndo ile ya sataranji yenyewe, 18,446,744,073,709,551,615. Kwa punje zangu 50 kwa gramu ni kama tani bilioni 369, mavuno ya mchele ya dunia nzima ya karibu miaka mia saba. Lakini uzuri wake si ukubwa. Tumia mlango uleule wa majirani: ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Mchele wa mashimo mara namba ya Fermat iliyovunjika! Kwa hiyo punje za kete zote 64 ni

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

na ndo maana nasema hii hadithi imekaa kwenye bao kuliko kwenye sataranji, kwa sababu bao lina 32 na 64 kwa pamoja, mashimo na kete, na namba moja imo tumboni mwa nyingine.

Ukiongeza mbili kwenye hiyo ya kete unapata namba ya Fermat inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617. Hiyo nayo si tasa, ni 274,177 mara 67,280,421,310,721, na mmoja wa waliopata vigawo vyake ni Mfaransa Fortuné Landry, alivitoa mwaka 1880 akiwa na miaka 82. Nilipotaja umri huo Babu alinikatiza, "Miaka mingapi?" Themanini na mbili. Akatikisa kichwa taratibu, akawaambia wenzake wamesikia. Kuanzia hiyo ya 4,294,967,297 na kuendelea, namba zote za Fermat 28 zilizofuatana ambazo watu wamezipatia jibu ni mbovu, hakuna tasa hata moja, na nyingine kama ile ya daraja la 24 (3 ni daraja la sifuri, 5 la kwanza, unapanda hivyo) imejulikana tangu 1999 kwamba inavunjika lakini hakuna aliyeonyesha hata kigawo kimoja, wanajua kuna kitu ndani lakini hawajakishika. Ya daraja la 33 ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5 na mpaka sasa haina jibu. Kwa hiyo hao watano walioko ndani ya bao ndo hao tu tunaowajua. Kama yupo wa sita, hajaonekana.

Kuna jambo lingine nililotaka niliweke kwa sababu ndo lililonifanya nisilale. Mnakumbuka mkebe wa hisabati, rula na bikari? Kwa hivyo viwili tu, rula ya kunyooshea mstari bila kupima, unaweza kuchora pembetatu ya pande sawa, umbo la pande tano, la sita, la nane, yote yakiwa na pande sawa na pembe sawa. La pande saba haliwezekani, la tisa haliwezekani, siyo kwamba ni gumu, haliwezekani. Wagiriki waliishia kwenye 3, 5 na 15 kwa upande wa namba witiri, ikakaa hivyo miaka elfu mbili. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18 wa Ujerumani, akaonyesha la pande 17 linawezekana, na sanamu yake kule kwao Braunschweig ina nyota ya ncha 17. Mwaka 1837 mwanahisabati Pierre Wantzel akafunga hoja: witiri zinazowezekana ni zile zinazotokana na kuzidisha namba tasa za Fermat, kila moja ukiitumia mara moja tu, basi. Tunazo tano, kwa hiyo maumbo yapo 31, na la mwisho kabisa, ukizizidisha zote tano kwa pamoja, lina pande 4,294,967,295. Pande za umbo zinalingana na punje za bao. Duara lake likiwa kubwa kama mzunguko wa dunia, kilomita 40,000, kila upande usingefika sentimita moja, na bado kwa rula na bikari linawezekana. Johann Gustav Hermes alikaa miaka kumi akiandika namna ya kuchora lile la pande 65,537 tu, akamaliza 1894, karatasi zake zinatunzwa kwenye sanduku chuoni Göttingen. Sijui kama kuna mtu alimcheka, mimi namheshimu sana.

Na hizo 31 unaweza kuzipata zote kwa kupaka rangi. Chukua karatasi ya vyumba vidogo, ile ya grafu. Mstari wa kwanza chumba kimoja, kipake. Kila mstari unaofuata una chumba kimoja zaidi, mwanzo na mwisho unapaka siku zote, na katikati unaangalia vyumba viwili vilivyo juu yake: vikifanana acha peupe, vikitofautiana paka. Basi. Halafu soma kila mstari kama mashimo ya bao, kutoka kulia, 1, 2, 4, 8, ukijumlisha yaliyopakwa tu. Mstari wa kwanza 1. Wa pili 3. Wa tatu umepakwa mwanzo na mwisho, 5. Wa nne wote, 15. Wa tano 17, wa sita 51, wa saba 85, wa nane 255, wa tisa 257. Ukiacha ile 1 ya mwanzo, ni zilezile namba za maumbo ya Gauss, zinatoka kwa mpangilio, hairuki hata moja, na huku macho yako yanaona pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu kama mkeka wa ukili wa rangi mbili.

Nilianza kuuchora Jumatatu usiku, umeme ulivyokatika nikaendelea kwa tochi ya simu, Jumatano nilikuwa mstari wa 24, ambao unasoma 16,711,935, yaani 3 × 5 × 17 × 65,537, nikakagua kwa kuzidisha, iko sawa. Leo nimeupeleka kijiweni ukiwa umefika mstari wa 32. Huo una vyumba 32 na vyote vimepakwa, hakuna cheupe hata kimoja, ni bao limejaa, 4,294,967,295. Nikauweka juu ya bao lenyewe, wakaacha mchezo.

Babu akaweka kidole chini ya ule mstari mweusi. "Na wa thelathini na tatu?"

Nikamwambia afuate kanuni. Juu kote kumefanana, kwa hiyo katikati kote kunabaki peupe. Akachukua kalamu yangu, akapaka chumba cha kwanza, akahesabu kwa kidole vyumba 31 polepole bila kuvigusa, akapaka cha mwisho. Ndo 4,294,967,297, na hapo orodha ya maumbo inakatika. Karani wa bandarini akampokea kalamu akaandika pembeni, 641.